Kipimo cha Taifa na Ukuta wa Mama

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, hiyo ndiyo shida yake. Jina lake silitaji, maana kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo apandishwe cheo.

Nchi hiyo haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa na maziwa upande mmoja na hotuba upande wa pili. Ilikuwa na Wizara ya Utamaduni, Mila na Majengo ya Kudumu, na Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Mandago, mtu mrefu kama mlingoti. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, Mheshimiwa aliwatuma vijana wenye makopo ya rangi nyekundu wakapita kijijini kwetu Vumbini, wakachora alama ya X kwenye kila nyumba ya udongo. Nyumba za udongo zilikuwa aibu ya taifa. Tukaambiwa tujiandae, tukajiandaa. Tunajiandaa kwa lipi, hilo hatukuambiwa.

Kisha Mheshimiwa akasafiri kwenda mkutanoni, nchi za baridi. Huko akaoneshwa picha ya nyumba ya udongo ndani ya fremu, imetundikwa ukutani, na watu wamesimama mbele yake na glasi mkononi wakitikisa vichwa kama wafiwa. Akauliza ile ni nini. Wakamwambia ni usanifu endelevu unaoheshimu utamaduni. Hakungoja hata mkutano ufungwe.

"Ndugu wananchi," akasema redioni aliporudi, "tumegundua udongo."

Akatangaza kwamba mji mkuu utajengewa Kituo cha Utamaduni cha Jamii, kwa udongo, kwa mila zetu wenyewe, tena kitakuwa jengo endelevu, yaani jengo ambalo ujenzi wake unaendelea. Watu wakapiga makofi. Kuhusu zile X za Vumbini, tukaletewa tangazo kwamba kuanzia sasa zisomwe kama nakshi.

*

Wakati huo mimi nilikuwa na shida ndogo, yenye ukubwa wa ukuta mmoja.

Nyumba ya mama yangu ililiwa na masika yaliyopita upande wa jikoni, pale pale kilipo kitanda chake. Udongo ulidondoka hadi fito zikaonekana kama mbavu za punda. Tukaegemeza miti miwili, tukauambia ukuta utuvumilie hadi kiangazi.

Sasa kwetu Vumbini kukandika nyumba ni kazi ya wanawake wote. Siku ikipangwa, kila mtu anakuja na beseni lake, na nyumba inakamilika kabla uji haujapoa. Lakini mkono wa kwanza kuugusa ukuta sharti uwe wa binti wa nyumba ile. Mpaka kiganja cha binti kipige, wengine wote wanakaa chini wanatazama, hata kama mvua imeshabisha hodi. Ndivyo tulivyokuta. Na mama yangu ana binti mmoja tu, ndiye mimi, Siwema.

Tulipanga tukandike mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi ikaja Kamati.

Kamati ilikuwa na magari manne na watu wengi wa kusindikiza, lakini waliokuwa wakisema ni wawili. Wa kwanza ni Bwana Dastani, msanifu majengo, kijana mpole aliyesomea nyumba za udongo huko ambako hazipo. Wa pili ni Katibu, Bi Leokadia, aliyetembea na mhuri ndani ya pochi jinsi wengine tunavyotembea na leso. Wakakaribishwa kwa mwenyekiti wa kijiji, wakala kuku, halafu wakaitiwa shangazi yangu Mwajabu, dada yake marehemu baba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wakandikaji.

"Mama, ninyi hapa mnapima nyumba kwa nini?" akauliza Bwana Dastani. "Kwa futi? Kwa mita?"

"Tunapima kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si atakayelala humo! Mlango, anasimama na ndoo kichwani, tunaongeza wanda mmoja, upana wa kidole, juu ya ndoo. Unene wa ukuta ni mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dirisha, anakaa kwenye kigoda anachungulia. Akiona yanayomhusu, basi. Akiona na yasiyomhusu, tunalishusha."

Bwana Dastani akaweka kalamu chini. "Bi Leokadia," akasema kwa sauti ya kanisani, "hii ni falsafa."

"Si falsafa, baba," akasema shangazi. "Ni ili mtu asigonge kichwa."

Basi Kamati ikaingia kazini. Kama nyumba hupimwa kwa mwenyewe, na Kituo ni cha wananchi, apimwe mwananchi. Mwananchi yupi? Hapo Kamati ikakwama, hata kuku waliobaki wakaacha kuparura.

"Kila nyumba ina wa kwake," shangazi akasaidia. "Mkimpima mmoja mkawajengea wote, mtakuwa mmemjengea yule mmoja."

Bi Leokadia akaandika kwenye muhtasari: *Mama mmoja alichangia.*

Mtu wa pembeni akapendekeza apimwe Mkuu wa Nchi. Wote wakatazama mlangoni kama kuna anayesikiliza. Urefu wa Mkuu wa Nchi ni siri ya ulinzi. Anayeujua ni fundi wake wa suti peke yake, na fundi huyo haonekani tangu mwaka juzi. Akapendekezwa Mheshimiwa Mandago. Simu ikapigwa, Mheshimiwa akakataa kwa unyenyekevu, akasema kiuno chake kwa sasa kinapitiwa upya.

Wakabishana tangu saa nne hadi saa nane. Mimi muda wote huo nilikuwa nimesimama kando ya mlango na birika la maji na beseni, nikingoja wanawe mikono, maana walikuwa wamemaliza kula lakini hawajamaliza kusema. Ghafla Bi Leokadia akainua macho.

"Huyu amesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo," akasema Bwana Dastani. "Na hajatikisika."

"Wewe binti, una shida gani?"

"Nangoja mnawe."

Wakatazamana kama watu waliookota kitu njiani na mwenyewe haonekani.

Mama aliposikia kwamba mwananchi wa kupimwa nimekuwa mimi, alikuja mbio na kanga moja. "Mchukueni," akasema, "ila mnirudishie kabla ya mvua. Ana ukuta huyu."

"Ni wiki moja tu, Mama," akasema Bi Leokadia.

Nilikuja kujua baadaye kwamba wiki ya serikali haina Jumapili ya kuimalizia.

*

Tulipofika mji mkuu nikatangazwa kwenye gazeti la Serikali kuwa Kipimo cha Taifa. Kuanzia asubuhi hiyo nikaacha kuwa mtu wa kula nikawa kitu cha kulishwa.

"Kimekula?" Bi Leokadia aliuliza akipita.

"Kimekula nusu," akajibu mpishi.

"Kiongezewe maharage. Kisije kikapungua, tukajenga kibanda."

Nikawekewa kanuni kurasa kumi na tisa. Nisiinamie kitu, mgongo usije ukajikunja. Nisibebe kitu ila ndoo ya kupimia, nayo iwe tupu. Kucha nikate mbele ya mashahidi wawili, na vipande vihifadhiwe kwenye bahasha, kwa kuwa vilikuwa sehemu ya shibiri. Nisicheke sana wakati wa kupimwa kifua. Na juu ya yote, kwa wino mweusi uliokolezwa, nisishike udongo, maana udongo hula vidole, na kidole cha taifa kikilika, taifa zima limepungua.

"Lakini nimeitwa kwa ajili ya nyumba ya udongo," nikasema.

"Ndiyo maana," akajibu Bi Leokadia.

Wiki ya kwanza nilipimwa. Ya pili nikapimwa tena, kuthibitisha ya kwanza. Ya tatu ikaja timu ya kuwapima waliopima. Wiki ya sita Mama akapanda basi akaja na karanga kwenye kikapu, akaketishwa ng'ambo ya meza mbali na mimi, wageni wasije wakanikumbatia wakanikunja.

"Siwema, ule ukuta umeanza kunong'ona."

"Unanong'ona nini, Mama?"

"Nikilala nasikia punje zinadondoka. Chwi. Chwi. Mwanangu, mawingu yameanza kupita kwetu, yanatazama tu, hayajasema kitu. Wanawake wananiuliza mwanao anarudi lini, nawaambia bado anapimwa. Wananicheka. Wanasema huyo ni mtu au ni kitambaa?"

"Basi shangazi Mwajabu aanze. Si ni damu moja?"

"Ukuta hauna shangazi," akasema Mama. Akaacha karanga, akaondoka kuwahi basi.

Nikaenda kwa Bi Leokadia kuomba ruhusa ya siku tatu. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Umeona wapi rula ikaomba ruhusa ya kwenda kwao?"

"Nina mama, Bi Leokadia. Nyumba inamwangukia."

"Pole sana. Mimi pia nina mama. Ila fomu ya ruhusa inataka namba ya mtumishi, na wewe huna." Akafungua daftari kubwa, akanionesha kwa kidole. "Wewe uko huku, kwenye samani. Kati ya meza ya mkutano na feni isiyozunguka."

Nikasoma mwenyewe. Kweli nilikuwa hapo. Feni ilikuwa imeandikiwa itengenezwe. Mimi sikuandikiwa kitu.

*

Jengo nalo likaanza. Bwana Dastani, sitaki kumdhulumu, alikuwa na moyo mzuri. Tatizo la moyo wake ni kwamba ulikuwa unaandika ripoti.

Alitaka udongo wa Vumbini. Bodi ya ujenzi ikasema udongo wa Vumbini hauna cheti. Ukafungwa kwenye mfuko ukapelekwa ng'ambo kupimwa, ukarudi na cheti kinachosema ni udongo. Lakini cheti chenyewe kiliandikwa kwa lugha ya huko, kikabidi kitafsiriwe, na mtafsiri alikuwa likizo. Ili kazi isisimame wakaagiza udongo mwingine kwa ndege, kwenye mifuko yenye picha ya jani la kijani, umeandikwa *rafiki wa mazingira*. Mifuko ikashushwa juu ya udongo wetu, tuliokuwa tumeukanyaga wakati wote.

Halafu likaja suala la samadi. Kila mkandikaji anajua udongo bila samadi ya ng'ombe ni sawa na ugali wa unga bila maji ya moto, haushikani. Mheshimiwa akaja, akavuta pumzi, akauliza ni harufu gani hiyo. Akaambiwa ni mila. Akasema mila ibaki ila harufu iondoke. Samadi ikaondolewa, wakachanganya udi.

"Kaka Dastani," nikamwambia nikiwa nimesimama na ndoo tupu kichwani, "udongo huu mvua ya kwanza inaondoka nao."

"Hoja nzuri sana," akasema. "Nitaiweka kwenye ripoti ya mwisho."

"Ripoti ya mwisho inatoka lini?"

"Baada ya mvua."

Mwezi wangu wa nne pale kuta zikafika juu, na Mheshimiwa Mandago akaja kukagua, nyuma yake wapiga picha. Mlango mkuu ulikuwa wanda mmoja juu ya ndoo yangu. Mheshimiwa alikuwa shibiri nzima juu ya ndoo yangu. Aliingia akiwa bado anahutubia, na paji la uso wake likagonga boriti likalia kama boga bivu.

Wapiga picha wakashusha kamera.

"Mlango huu amepima nani?"

Wote wakanigeukia. Bwana Dastani akajitosa, akaeleza kwamba kimila mlango si mfupi, na kwamba mgeni akiinama kidogo ni dalili ya adabu.

"Sawa. Kama mlango si mfupi," Mheshimiwa akatoa uamuzi, mkono bado uko usoni, "basi kipimo ndicho kifupi. Kiongezwe."

Wakaniletea viatu vya mchuchumio, vyekundu, kisigino kirefu kama msumari wa paa. Nikapandishwa juu yake, nikatwishwa ndoo, nikapimwa upya juu ya kokoto. Sasa urefu ulibadilika, kwa hiyo hatua iliyopimia vyumba ikabadilika, na hatua ilipobadilika vyumba vyote vikawa vimekosewa. Kuta zikabomolewa zianzwe upya. Jioni Mheshimiwa akasema redioni kwamba Kituo ni endelevu kuliko ilivyotarajiwa.

Nilipokuwa juu ya vile visigino niliona mbali kidogo kuliko kawaida. Niliona wingu upande wa kwetu. Lilikuwa limeshuka, limeinama kama mtu anayetafuta sindano.

*

Kesho yake shangazi Mwajabu akaja. Hakuketi hata kwenye kiti.

"Mti mmoja umeteleza," akasema. "Tundu limefunguka, ukipita nje unamwona kuku aliyelala ndani. Kitanda tumekisogeza katikati ya nyumba."

"Mama ahamie kwako, shangazi!"

"Nimemwambia. Hatoki. Anasema akitoka, ukuta utajua umeshinda."

Nikavua viatu vya mchuchumio nikaviweka mezani kwa adabu. Nikaenda getini. Askari akanyoosha mkono.

"Mali ya Serikali haitoki bila hati."

"Nipe hati nijaze."

Akanipa. Nikajaza pole pole, kwa mwandiko wa darasa la saba. Kifaa: Kipimo cha Taifa. Idadi: kimoja. Hali: kizima, kimechakaa kidogo miguuni. Sababu ya kutolewa: matengenezo. Jina la mchukuaji: Siwema.

Askari akasoma hadi chini. "Mchukuaji ni wewe?"

"Ndiyo."

"Na kifaa kiko wapi?"

"Ndicho hiki."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akahesabu kimoja, akagonga mhuri.

"Kibebe vizuri," akasema. "Barabara ni mbaya."

*

Asubuhi wanawake wa Vumbini walikuja na mabeseni yao na midomo yao.

"Jamani, Mheshimiwa Kipimo! Tupige saluti au tukupe jembe?"

"Hebu tuone mikono. Yesu wangu! Imekuwa laini kama ya sungura wa kufugwa!"

"Mwacheni. Huyo ukimwagia maji anapungua, halafu nchi nzima inakuwa fupi."

Tukachimba, tukamwaga maji, tukatia nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya jana na ya juzi, tukakanyaga hadi udongo ukaanza kututii. Kisha wote wakanyamaza wakakaa chini. Nikachota donge, nikasimama mbele ya zile fito. Mama alikuwa kando yangu, mikono kiunoni.

"Mkono huo ni wako au wa Serikali?"

"Ni wangu, Mama."

"Basi piga."

Nikapiga. Udongo ulikuwa baridi, ukanishika vidole kama unaniuliza nilikuwa wapi. Nyuma yangu wanawake wakainuka wote kwa mara moja, na kelele zikaanza tena. Tulikandika siku hiyo na nusu ya siku ya pili. Jikoni palikuwa pameoza kabisa, kwa hiyo tukausogeza ukuta, tukaupa unene mpya, tukaweka na mlango mpya. Tukausugua kwa jiwe la mtoni hadi ukang'aa, tukaupaka udongo mwekundu uliochanganywa na majivu. Mama akarudisha kitanda pale pale kilipokuwa.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Ukuta haukutoa punje. Mama alilala fofofo, na mimi nikakaa macho nikiusikiliza ukuta, na kwa kweli haukuwa na la kusema.

Mvua hiyo hiyo ilifika na mji mkuu. Redio ikatangaza kwamba Kituo cha Utamaduni kimeungana tena na mazingira.

*

Tatizo ni kwamba Mkuu wa Nchi alikuwa afungue Kituo Jumamosi, na kadi zilishachapwa. Jumatano magari yakafika Vumbini yakiwa na matope hadi vioo.

"Kipimo kiko wapi?" Bi Leokadia akashuka. Akaiona mikono yangu, kucha nyekundu kwa udongo, nyufa kwenye vidole. Akashika kifua. "Kimeharibika!"

Bwana Dastani hakumsikia. Alikuwa amesimama mbele ya mlango mpya wa jikoni kwa Mama, michoro yake chini ya kwapa.

"Dada Siwema, samahani, hebu simama hapa. Na ndoo."

Ningekataa. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikukataa. Lakini mtu aliyesimamishwa miezi minne akiambiwa simama, miguu inatii kabla ya kichwa. Nikasimama. Juu ya ndoo palibaki wanda mmoja. Akapima ukuta kwa mkono wangu, ukaenea. Akanikalisha kwenye kigoda dirishani. Akafungua mchoro wa kwanza kabisa, ule wa kabla ya viatu.

"Vinaoana," akasema. "Bi Leokadia, vipimo vyote vinaoana!"

Bila shaka vilioana. Nyumba ilipimwa kwa Mama, na mimi na Mama tumelingana kama chapati za kikaango kimoja. Nikamwambia hivyo. Hakuna aliyenisikiliza, kwa kuwa Bi Leokadia alikuwa ameshafungua faili.

"*Kituo*," akasoma, "*ni jengo la udongo, lililojengwa na jamii yenyewe kwa mila zake, kwa vipimo vya Kipimo cha Taifa.*" Akafunga faili. Akatabasamu, mara ya kwanza nikamwona meno. "Hongera, Mama. Umejenga Kituo."

"Nimejenga jiko," akasema Mama.

"Unyenyekevu huo nao ni sehemu ya utamaduni," akasema Bi Leokadia, akatoa mhuri kwenye pochi.

Jumamosi utepe ukafungwa mlangoni kwa Mama. Mheshimiwa Mandago alikuwa amefundishwa, akaingia ameinama, wakampiga picha, magazeti yakaandika kwamba ni kiongozi anayejishusha.

"Leo," akahutubia, "Serikali yenu sikivu inawakabidhi jengo ambalo imelijenga kwa mikono yake yenyewe! Tazameni ukuta huu! Nani kati yenu alijua kwamba udongo unaweza hivi?"

Wanawake waliochimba udongo ule walikuwa safu ya mbele. Wakaambiwa wapige vigelegele. Mkuu wa Nchi hakushuka. Alilitazama jengo kupitia kioo cha gari kilichoteremshwa nusu, akaridhika, kioo kikapanda.

Mama akapewa barua ya shukrani na nafasi ya kuondoa vitu vyake, isipokuwa chungu, kigoda na kitanda, vilivyoonekana kuwa na mvuto. Kesho yake akarudi kuchukua chumvi. Mlangoni palikuwa na mlinzi mwenye kofia mpya.

"Hodi," akasema Mama, mlangoni kwake.

"Saa bado. Tunafungua saa tatu."

"Nataka chumvi tu, mwanangu. Iko kwenye kopo nyuma ya jiko."

"Hiyo imeshaorodheshwa, Mama. Iko kwenye maonesho."

"Basi nitarudi kesho."

"Kesho ni Jumatatu. Jumatatu hakuna utamaduni."

Na mimi? Nilitolewa kwenye samani nikahamishiwa kwenye vivutio. Kila siku, kasoro hiyo Jumatatu, nilisimama pale mlangoni na ndoo kichwani, wageni wauhakiki wanda wangu mmoja kwa vidole vyao. Mvua ikanyesha tena. Tulikuwa kwa shangazi Mwajabu, watatu kitanda kimoja, tukitazama nyumba ya Mama ng'ambo ya njia, haina mtu ndani, haina tone lililopenya. Nilikuwa nimeukandika vizuri mno. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikautakia ukuta mabaya.

*

Ni Mama aliyesema tujenge nyingine, nyuma ya kwa shangazi. Alituita wanawake wote akatoa sharti moja.

"Iwe mbaya," akasema. "Siyo mbaya kidogo. Iwe mbaya hadi mwizi akiiona atuhurumie, atuachie sahani."

Basi kila siku Kituo kikifungwa saa tisa alasiri, tukajenga. Ndani tulikandika kama tulivyorithi, mkono wa kwanza wangu, samadi ya kutosha, ukuta ukang'aa. Nje tukatundika aibu. Mabati yaliyotoboka, maboksi, nusu ya tairi, mlango wa lori lililopinduka. Shangazi Mwajabu akawa anarudi nyuma hatua kumi, anafumba jicho moja, anaamuru.

"Lile bati la kushoto lipindeni. Linaanza kupendeza."

Siku tuliyomaliza Bwana Dastani akapita na daftari lake, kwa miguu, peke yake. Tukajifanya hatumwoni. Akasimama. Akaizunguka nyumba mara moja. Akaizunguka mara ya pili, na alipofika kwenye mlango wa lori akaugusa kwa ncha ya vidole.

"Tumekwisha," shangazi akaninong'oneza.

"Mama," akasema Bwana Dastani kwa ile sauti yake ya kanisani. "Hii mmeipima kwa nani?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo, na mbuzi wake jike amefungwa kamba kando yake anatafuna maganda. Hakuinua macho.

"Kwa mbuzi."

Bwana Dastani akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama Bwana Dastani. Akaandika.

Barua zilikuja Alhamisi, mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu, mistari miwili, ikisema Kipimo kilichotangulia kimepitwa na wakati na kirejeshwe kilikotolewa. Ya pili ilisema Kituo cha Pili cha Utamaduni kitajengwa mji mkuu kwa vipimo vipya. Nyumba yetu haikutajwa kabisa. Aliyeandika alidhani ni banda.

Bi Leokadia alikuja mwenyewe, na gari lenye godoro nyuma. Akamwinamia mbuzi.

"Kimekula?"

"Kimekula," akasema Mama. Akaifungua kamba kwenye mti, akaiviringisha mara mbili mkononi, akamkabidhi.

"Ila msije mkamlinganisha na mwanangu," akasema. "Mwanangu mlimsimamisha akanyamaza. Huyu akichoka kusimama, anakula mafaili."